Upepo Ndio Springi ya Mkokoteni



Katika madarasa yetu ya Bariadi na Itilima tumeulizwa swali moja mara nyingi. Wanaouliza ni wakulima wenye maksai na mikokoteni. Swali lenyewe ni hili: "Mabasi ya safari ndefu siku hizi hayarushi watu kama zamani. Tunaambiwa yanakalia mifuko ya upepo. Je, sisi hatuwezi kufunga kitu kama hicho kwenye mkokoteni, kwa mikono yetu wenyewe?"

Swali hili si la mzaha. Mkokoteni unaorusharusha huvunja mbao na kulegeza boliti. Huwachubua maksai shingo. Na siku ya kumpeleka mgonjwa zahanati, hapo ndipo kila mtu anaona ubaya wake.

Jibu ni kwamba inawezekana. Tena huenda kitu hicho unacho tayari, umekiegesha chini ya mwembe, ila hujakitumia vizuri.

MFUKO WA UPEPO NI KITU GANI?

Chukua pampu ya baiskeli. Vuta mpini juu, kisha ziba tundu la chini kwa kidole gumba. Sasa sukuma mpini. Unaingia kidogo, halafu unakataa. Ukiuachia, unarudi juu wenyewe. Ndani ya pampu hakuna chuma kilichojikunja. Kilichokusukuma ni hewa tupu.

Hewa ikibanwa hupunguza nafasi yake, na kadiri nafasi inavyopungua ndivyo nguvu yake ya kusukuma inavyozidi. Nafasi ikiwa nusu, nguvu huwa mara mbili. Mtaalamu mmoja aitwaye Robert Boyle aliliandika jambo hili mwaka 1662, wakati ambapo hapakuwa na gari lolote la injini duniani.

Basi lenye mifuko ya upepo linatumia jambo hilo hilo. Kati ya ekseli na chasisi kumewekwa mifuko ya mpira mnene iliyojaa hewa. Gurudumu likipanda jiwe, mfuko unabanwa. Likishuka, mfuko unatanuka. Abiria juu anasikia kidogo tu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wenye magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, wanayosafiri nayo na kulala humo humo. Magari hayo huwa mazito kwa nyuma, yanalala matako. Basi wenyewe hununua mifuko miwili ya upepo, wanaifunga kwa boliti kati ya chasisi na springi za chuma, wanaijaza kwa pampu, na gari linasimama sawa.

Sisi hatukushauri ununue mifuko hiyo. Ni ghali. Na kuna sababu nyingine, ambayo ni kubwa kuliko bei.

TAIRI LAKO NI MFUKO WA UPEPO

Hewa ikiwa ndani ya tairi sote tunaiita upepo, kwa hiyo nasi tutaiita hivyo hivyo.

Watu wengi wanadhani tairi la upepo lilibuniwa kwa ajili ya gari la moto. Sivyo. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alipata hati ya ubunifu wake wa gurudumu lenye upepo. Alilifunga kwenye magari ya kukokotwa na farasi. Watu hawakulijali, likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati yake mjini Belfast. Huyu alianza na baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Na kazi yake ya kila siku, ndugu mfugaji, ilikuwa udaktari wa mifugo!

Kwa hiyo mnyama na tairi la upepo ni marafiki wa siku nyingi. Aliyefunga matairi ya gari kwenye mkokoteni wake hakuiga magari. Amelirudisha tairi nyumbani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua penseli na karatasi.

Mkokoteni mtupu una kilo 200. Umepakia magunia 6 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Jumla ni kilo 800. Magurudumu ni mawili, kwa hiyo kila moja linabeba kilo 400. Sasa, ndani ya tairi umejaza upepo wenye nguvu ya kilo 2 kwa kila sentimeta 1 ya mraba. (Fundi mwenye kipimo cha paundi atakuambia ni 28 hivi.) Gawanya 400 kwa 2. Unapata 200. Maana yake ni kwamba tairi linagusa ardhi kwa sentimeta za mraba 200 hivi, kama kipande cha sentimeta 14 kwa 14. Hapo ndipo uzito wote wa upande mmoja umekalia.

Ukipunguza upepo ukabaki kilo 1, gawanya tena. Unapata 400. Wayo wa tairi umekua mara mbili! Mbuzi akipita kwenye tope anazama, lakini bata anapita juu. Bata ana wayo mpana. Tairi lenye upepo mdogo ni bata. Gurudumu la chuma ni mbuzi, na katika udongo mweusi wa mbuga mwezi wa Machi, mbuzi huyo hafiki mbali.

KWA NINI TUSIFUNGE SPRINGI ZA PIKAPU?

Wapo waliokwisha kufanya hivyo. Wananunua ekseli ya pikapu katika vyuma chakavu, pamoja na springi zake, yaani vile vyuma virefu vilivyolaliana. Wanaziweka zote chini ya mkokoteni. Ukiutazama unapendeza kweli.

Sisi hatupendi jambo hilo, na tutasema wazi kwa nini.

Kwanza, springi ni dawa ya mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likigonga jiwe, gurudumu linarushwa juu ghafla, na springi inapata kazi. Maksai wanatembea kilomita 3 au 4 kwa saa. Gurudumu linapanda jiwe polepole na kushuka polepole. Mkokoteni nao unapanda na kushuka pamoja nalo, uwe na springi usiwe nazo. Kishindo kidogo cha mawe madogo na mizizi, hicho tairi linakimeza lenyewe. Ukiona tela linalovutwa na pikipiki au trekta, hilo ni jambo jingine, maana lina mwendo.

Pili, springi zinainua sanduku la mkokoteni. Kimo cha sentimeta 15 au 20 unaweza kukiona ni kidogo, lakini fikiria mzigo wetu sisi watu wa Simiyu. Ni pamba. Pamba ni nyepesi, ila inajaza nafasi. Ili mtu apate kilo 500 za kupeleka kwenye chama cha msingi, anarundika mpaka juu kabisa. Sasa njia inainama upande mmoja, pale kwenye korongo. Springi ya upande wa chini inabonyea, ile ya juu inatanuka. Rundo la pamba linazidi kuinamia chini. Kinachofuata unakijua.

Katika kijiji kimoja tulichotembelea tulikuta mkokoteni wa namna hiyo umelala ubavu ndani ya korongo. Pamba ilikuwa imemwagika kwenye mchanga wenye maji. Maksai mmoja alikuwa amevunjika mguu, akachinjwa pale pale. Mwenyewe alikuwa bado anadaiwa fedha za springi.

Tatu ni uzito. Kwa kawaida maksai anaweza kuvuta siku nzima kwa nguvu ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja wana nguvu ya kilo 60 hivi kwa jumla. Hiyo ndiyo akiba yako. Kwa nini uitumie kuvuta vyuma?

Kwa hiyo: ekseli ifungwe moja kwa moja kwenye mbao za chini, na kazi ya springi apewe upepo.

KUFUNGA EKSELI NA MATAIRI

Anza kwa kusoma. Ndiyo, kusoma! Kwenye ubavu wa tairi pameandikwa namba, nazo si mapambo. Kwa mfano utaona 155 R 13 78S. Namba 155 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 13 ni ukubwa wa rimu. Ile 78 ndiyo muhimu kwetu: inaonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba. 78 maana yake kilo 425. 82 ni kilo 475. 86 ni kilo 530. 91 ni kilo 615. Uzito huo ni wakati tairi limejaa upepo wake kamili. Ukipunguza upepo, punguza na mzigo.

Tafuta pia namba 4 ndani ya umbo kama yai. Ukiona 3516, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Tairi la gari lililochakaa laweza kufanya kazi miaka mingi kwenye mkokoteni, lakini kama ubavu una nyufa zinazoingia kucha, liache pale pale dukani.

Ekseli ya kununua iwe nyoofu, na magurudumu yazunguke kwa urahisi. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likigonga, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza, vivyo hivyo. Fungua, safisha kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya, kisha kaza nati mpaka gurudumu liwe zito kidogo, halafu irudishe kidogo tu na uweke pini yake. Pini, si msumari uliopindwa. Misumari tunaiona sana.

Kama ekseli imekatwa na kuunganishwa na fundi wa kuchomelea, ipime kabla hujamlipa. Njia ni rahisi. Weka alama ya chaki mbele ya kila tairi, kwenye kimo cha ekseli. Pima kwa kamba kutoka alama hadi alama. Sasa zungusha magurudumu mpaka alama zile zile zifike nyuma. Pima tena kwa kamba ile ile. Tofauti isizidi unene wa penseli. Ikizidi, magurudumu yako yanatazama pande mbili, kama watu waliogombana. Matairi yatakwisha upesi kama yanasuguliwa kwenye jiwe la kunolea, na maksai watavuta mzigo usiokuwepo.

Hapa tunaomba usikilize vizuri. Usimruhusu fundi achomelee rimu wakati tairi bado limo, hata kama amesema ametoa upepo. Moto unapasha hewa na mpira ndani, tairi linaweza kulipuka kama bomu. Watu wamekufa duniani kwa kosa hilo. Toa tairi lote kwanza.

Ekseli ifungwe wapi? Si katikati kabisa ya sanduku. Iweke sentimeta 10 nyuma ya katikati. Ukipakia kilo 600 kwa usawa, na kama toka ekseli hadi nira ni mita 3, nira itakaliwa na kilo 20 hivi. Hizo zinatosha. Ukiiweka ekseli mbele mno, mti wa kuvutia unainuka na kamba zinawakaba maksai koo. Ukiiweka nyuma mno, shingo zao zinabeba mzigo wako badala ya matairi.

Tumia boliti zilizopindwa kama herufi U, mbili kila upande. Kabla ya kukaza, pima kwa kamba kutoka ncha ya mti wa kuvutia hadi gurudumu la kulia, kisha hadi la kushoto. Ziwe sawa. Kaza. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena, maana mbao hubonyea. Na wakati mtu yuko chini ya mkokoteni, usitegemee jeki peke yake, egemeza na magogo.

UPEPO KIASI GANI?

Wengi wetu tunajaza mpaka tairi linakuwa gumu kama jiwe, ati lisipate pancha. Ukifanya hivyo umeitupa springi yako. Tairi gumu linaruka juu ya kila kijiwe, na miba inaingia vile vile.

Mwenye kipimo ajaze kati ya kilo 1 na nusu na 2 na nusu kwa sentimeta ya mraba, yaani paundi 21 hadi 35 hivi. Kiangazi, kwenye njia ngumu na mzigo mkubwa, karibia ile ya juu. Masika, kwenye mbuga au kwenye mchanga wa luseni, karibia ile ya chini na upakie kidogo.

Asiye na kipimo atumie kijiti. Mkokoteni ukiwa mtupu, simamisha kijiti ardhini kando ya tairi na ukitie alama kwenye kimo cha ukingo wa chini wa rimu. Pakia mzigo. Sasa tazama rimu imeshuka kiasi gani. Sentimeta 2 hadi 3 ni sawa. Ikishuka zaidi ya 4, ongeza upepo, la sivyo jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kuikata. Isiposhuka kabisa, punguza. Matairi yote mawili yashuke sawa. Likishuka moja zaidi, mkokoteni unainama, na maksai wa upande mmoja anachoka kuliko mwenzake.

Kijiti hicho kifunge kwenye mkokoteni kisipotee.

Pampu ya baiskeli yaweza kujaza tairi la gari, ingawa itataka vijana wawili wa kupokezana na mipigo zaidi ya 100. Angalia kwanza kama mdomo wake unakaa kwenye vali.

Kuhusu miba ya migunga, wapo wanaokata tairi kuukuu na kuweka vipande kati ya tyubu na tairi. Inasaidia, bora kingo za kipande zikwanguliwe ziwe nyembamba zisikate tyubu. Wapo wengine wanaojaza tairi kwa majani au matambara, wasahau pancha kabisa. Hao wamerudi kwenye gurudumu la mti.

SIKU YA MGONJWA

Mama mjamzito ambaye uchungu umemwanza, au mzee aliyevunjika nyonga, hawezi kukaa nyuma ya pikipiki. Hapo mkokoteni unakuwa gari la wagonjwa. Mzigo ni mwepesi, watu wawili au watatu, kwa hiyo upepo uliojazwa kwa ajili ya magunia ni mwingi mno. Punguza kabla ya kuondoka mpaka rimu ishuke zile sentimeta 2 na watu wakiwa juu. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na tofauti yake mgonjwa ataisikia.

Kisha chukua kitanda cha kamba. Kiweke ndani ya sanduku chenyewe kama kilivyo, na godoro au majani makavu juu yake. Kamba zile ni springi ya pili. Usimlaze mgonjwa kwenye ubao mtupu. Na usimlaze nyuma kabisa. Kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili, mtu aliye nyuma ya ekseli ndiye anayerushwa zaidi. Aliye mbele kidogo ya ekseli, kuelekea kwenye nira, anapata nafuu. Kifua na nyonga vikae hapo. Mtu mmoja aende mbele akiwashika maksai, aondoe mawe njiani, na kwenye korongo washuke wote wazima.

Ukifika barabara kuu ya Lamadi, Bariadi na Maswa, kumbuka kwamba siku hizi ni lami, na magari yanakwenda kasi. Usiku dereva haoni maksai weusi. Funga nyuma ya mkokoteni vipande viwili vya kung'aa vyekundu, kimoja kila kona, na vyeupe viwili mbele. Kama hujavipata, mtu mmoja atembee nyuma na tochi iliyowashwa, akimulika chini na si machoni mwa dereva. Maksai wakae kushoto kabisa, na mwongozaji awe upande wa kulia wao.